UZI: Maandalizi ya mtihani wa gredi wa dansi ya kisasa ya jukwaani (ISTD). Alama zinapotelea wapi?

Hesabu_Nane (mwanzisha uzi)

Habari wakuu. Msimu wa mitihani ukikaribia maswali huwa yale yale: mguu urushwe juu kiasi gani, splitsi (kutanua miguu hadi sakafuni) isipofika chini itakuwaje, mtoto azunguke mara ngapi. Nafungua uzi huu tujadili yale yasiyoulizwa, kwa sababu huko ndiko alama zinakovuja.

Kwa wageni: ISTD ni Imperial Society of Teachers of Dancing, chama cha walimu wa dansi kilichoanzishwa London mwaka 1904. Mkondo wake wa dansi ya kisasa ya jukwaani una Gredi ya 1 hadi ya 6, kisha Intermediate Foundation, Intermediate, Advanced 1 na Advanced 2. Kwenye gredi, alama 40 hadi 59 ni kufaulu, 60 hadi 79 ni Merit, 80 kwenda juu ni Distinction. Watahiniwa huingia kwa vikundi vidogo wakiwa na namba kifuani na mgongoni. Mtahini yuko mezani anaandika, na muziki una mtu wake. Mwalimu hasimami mbele kuonyesha kitu.

Hilo la mwisho ndilo linaloangusha wengi. Mtoto aliyejifunza kwa kufuata mgongo wa mwalimu anaweza kuonekana hodari darasani mwaka mzima, kumbe mfululizo hauko kichwani mwake, uko kwa mwalimu. Kipimo chake ni rahisi: msimamishe peke yake mstari wa mbele, washa muziki, usimhesabie. Akisita zaidi ya mara mbili kwenye zoezi moja, hilo zoezi bado hajalijua. Mfanyie kipimo hiki wiki nane kabla ya mtihani, si wiki mbili.

Kioo nacho ni tatizo. Kuanzia wiki tatu za mwisho, mgeuze atazame ukuta usio na kioo, au funika kioo kwa shuka. Anayezoea kioo husogeza macho kukitafuta kila anapogeuka, na kwenye ukumbi usio na kioo hupoteza pembe: zoezi la kwenda kona ya kulia linaishia katikati.

Jambo la tatu, majina. Mtahini anaita zoezi kwa jina lake la Kiingereza, kama lilivyo kwenye silabasi. Hasemi "lile la mikono". Watoto wengi wa huku wanalijua kwa jina la utani lililobuniwa darasani. Andika majina yote kwenye kadi, changanya, mtoto achomoe moja, aseme anaanza upande gani na miguu iko nafasi gani, ndipo acheze. Dakika kumi kila kipindi zinatosha.

Sasa alama zenyewe. Hesabu nne za utangulizi kabla ya zoezi kuanza tayari zinatazamwa. Mtoto anayekuna pua, kushusha leotadi (vazi la kubana la dansi) au kutazama miguu yake ameshaanza vibaya. Hesabu ya 1 na 2 amesimama tu, shingo ndefu, macho mbele. Ya 3 mikono inajiandaa. Ya 4 anavuta pumzi. Mwisho ni vivyo hivyo: pozi la kufunga linashikiliwa hadi muziki uishe kabisa, halafu anahesabu mbili kimoyomoyo ndipo alegeze. Haya hayahitaji kipaji chochote, na bado ndiyo yanayosahaulika.

Karibuni walimu na wazazi.

---

MamaPacha_Leicester

Asante kwa uzi mwalimu. Binti yuko Gredi ya 3, hatua zote anazo, kila ripoti ya darasani inasema mikono "imekufa". Nyumbani tunafanyaje? Hatuna nafasi, sebule ni ndogo.

---

Bega_Chini

Mama Pacha, mikono haihitaji nafasi, inahitaji kiti. Mkalishe ukingoni mwa kiti bila kuegemea, nyayo chini, acheze zoezi zima kwa mikono tu huku akihesabu kwa sauti. Utaona mara moja mahali asipojua mikono inakwenda wapi, maana miguu haipo ya kumficha.

Makosa ninayoyaona mara nyingi yako hivi.

Nafasi ya pili, mikono pembeni. Inatakiwa iwe chini kidogo ya bega na mbele kidogo ya mwili. Mwambie atazame mbele bila kusogeza macho: vidole vyake avione pembezoni mwa macho. Asipoviona, mikono imerudi nyuma na mbavu zimechomoza. Kiwiko kikining'inia mkono wote unaonekana umevunjika, kwa hiyo mfundishe kushika mkono kutoka mgongoni, chini ya kwapa, si kutoka kwenye kifundo.

Kinyume cha mkono na mguu. Mguu wa kulia mbele, mkono wa kushoto mbele. Kila mtu hutembea hivyo barabarani bila kufikiri, lakini ukishaweka muziki mtoto hutoa mkono na mguu wa upande mmoja. Atembee hesabu nane polepole, kisha nane kwa kasi mara mbili, kisha abadilishe mguu wa kuanzia. Sebule ndogo inatosha kwa hatua nne kwenda na nne kurudi.

La tatu ndilo linaloua mikono: kufika mapema. Kama mkono una hesabu mbili za kutoka chini hadi juu, mtoto anaufikisha kwa hesabu moja halafu anasubiri. Kusubiri huko ndiko ripoti inakoita kufa. Mkono uwe njiani muda wote wa hesabu zake na ufike kwenye hesabu, si kabla. Hesabu kwa sauti ndefu, "mooo-ja, mbiii-li", ajaze sauti yote kwa mwendo.

Na kidole gumba kiingie ndani. Kikisimama, mstari wote wa mkono unaharibika.

---

Ngoma_za_Pwani

Niulize walimu, kwa nini watoto wetu wanaocheza chakacha au sindimba vizuri kabisa hupata alama za kawaida kwenye isolesheni (kusogeza kiungo kimoja huku vingine vimetulia)? Kiuno wanacho, mabega wanayo.

---

Hesabu_Nane

Swali zuri sana hili, na linahitaji jibu refu.

Kwanza, asili ni moja. Isolesheni kwenye dansi ya jukwaani ya Magharibi haikutoka kwenye baleti. Imepitia dansi za watu weusi wa Marekani na Karibiani; Katherine Dunham, aliyesomea anthropolojia na kufanya utafiti Karibiani miaka ya 1930, ni mmoja wa waliozifanya kuwa mfumo wa kufundishia. Kwa hiyo mtoto wa Lindi au Mombasa hana ugeni na jambo lenyewe.

Tofauti iko kwenye kile kinachotakiwa kutulia. Kwenye ngoma, kiuno kikicheza mwili wote unaitikia: magoti yanapiga, mabega yanajibu, kichwa kinafuata. Huo ndio utamu wake. Kwenye mtihani mtahini anataka kiungo kimoja kiende na vingine vyote vibaki kimya. Mtoto mwenye kiuno chepesi ana faida ya mwendo, ila hajafundishwa utulivu. Usimwambie aache anachokijua. Mwongezee breki.

Mazoezi yenyewe: mbavu kwenda kulia na kushoto ndiyo ngumu kuliko zote. Akae sakafuni miguu amekunja ili nyonga zisiweze kutoroka, vidole vya mikono viguse mabega, viwiko pembeni. Asukume mbavu kulia hesabu 4, katikati 4, kushoto 4, katikati 4. Kiwiko kimoja kikishuka, basi anapinda, hasogei. Viwiko vibaki usawa mmoja. Mwendo wa sentimita tatu ulio safi una thamani kuliko wa kumi uliochanganyika na bega. Akiweza ameketi, asimame. Akiweza kwa hesabu 4, aende kwa 2, halafu kwa 1. Akiharibu, mrudishe ngazi moja, asilazimishe kasi.

Nyonga: magoti lazima yawe yamekunjwa kidogo na yabaki hivyo. Yakinyooka, kichwa kinapanda na kushuka. Weka alama ya penseli ukutani usawa wa utosi, asimame pembeni yake, mtu mwingine atazame.

Kichwa: kugeuza na kuinamisha pembeni ni vitu viwili. Wadogo huvichanganya, kidevu kinakwenda diagonali. Kugeuza, kidevu kinakaa usawa ule ule. Kuinamisha, sikio linakwenda kwenye bega na pua inabaki mbele.

---

Ngoma_za_Pwani

Breki, nimekuelewa. Na kontraksheni? Hiyo naona watoto wengi wanakunja mgongo tu.

---

Bega_Chini

Ndivyo wengi wanavyofanya, wanainama kama mtu aliyeangusha sarafu. Kontraksheni inaanzia chini: fupanyonga linajikunja, tumbo la chini linavutwa kuelekea uti wa mgongo, mgongo unarefuka ukiwa umepinda, na mabega yanabaki juu ya nyonga. Martha Graham aliijenga juu ya pumzi, na pumzi ndiyo njia rahisi ya kuifundisha: toa hewa, tumbo liingie, vuta hewa, mgongo urudi.

Alale chali, magoti yamekunjwa, nyayo sakafuni. Atoe pumzi hesabu 4 huku akibana kiuno kwenye sakafu, aachie 4. Mara nane. Kisha afanye ameketi, kisha amesimama. Kidevu kisidondoke kifuani na mabega yasisogee masikioni. Ukiona kifua kimeporomoka lakini mkanda wa suruali haujasogea, hakuna kontraksheni hapo.

---

Fizio_Mkazi

Nachangia upande wa mwili, hasa kwa walimu wa Nairobi, Dar na Kampala wanaofundishia kwenye kumbi za saruji au vigae.

Sakafu ngumu haimezi mshindo. Kutandika mkeka wa vinaili juu ya saruji kunazuia kuteleza tu, hakupunguzi mshindo. Kinachopunguza ni mbao zenye nafasi ya hewa au povu chini yake. Kama huna, gawa miruko: fundisha hatua, mikono na hesabu kwa kutembea, na uruke kwa nguvu kamili mara chache tu mwishoni. Maumivu ya ugoko, yale yanayosambaa kwenye mfupa wa mbele wa mguu, huja pale mazoezi ya miruko yanapoongezwa ghafla wiki za mwisho. Maumivu yakiwa mahali pamoja panapogusika kwa kidole kimoja, au yakiuma hata usiku, aache kuruka na apelekwe hospitali akaangaliwe mfupa.

Kwa walio kati ya miaka 9 na 15 kuna mawili mengine. Uvimbe au maumivu chini kidogo ya goti, pale kano ya paja inapojishikiza, na maumivu nyuma ya kisigino. Yote yanahusiana na mfupa unaokua huku misuli ikivuta. Hayatibiwi kwa kunyoosha zaidi kwa nguvu. Punguza kuruka na kuchuchumaa, weka barafu iliyofungwa kitambaani dakika 10 hadi 15.

Na jambo la splitsi: acheni kuwasukuma watoto wakiwa hawajapasha mwili. Kabla ya darasa nyoosha kwa mwendo, kama kupeperusha mguu na kuzungusha nyonga. Kunyoosha kwa kushikilia kufanyike baada ya darasa, sekunde 30 kila upande, mara mbili au tatu. Maumivu ya kuchoma chini ya kalio wakati wa kunyoosha nyuma ya paja ni ishara ya kuacha papo hapo. Kwa mtoto, kano inaweza kung'oa kipande cha mfupa pale.

---

Kaka_Mateke

Sasa turudi kwenye mateke jamani, maana ndiyo picha ya Instagram 😄 Mguu wa kichwani haupewi alama?

---

Hesabu_Nane

Unapewa, ukifika huko ukiwa mnyofu. Utaratibu wa kutazama teke uko hivi: mguu wa kusimamia umenyooka na kisigino kiko chini; nyonga mbili ziko usawa; mgongo haujajikunja; mguu unaorushwa umenyooka goti na umechongoka vidole; ndipo urefu. Teke la usawa wa nyonga lenye hayo yote linashinda la kichwani lenye goti la chini lililokunjwa.

Kosa ambalo video za mtandaoni hazionyeshi ni kushuka. Wengi wanarusha kwa nguvu na kuuacha mguu uanguke wenyewe. Mguu ushushwe kwa misuli, upite kwenye vidole, ufunge bila kelele. Ukisikia kishindo cha kisigino, kushuka hakukuwa na udhibiti.

Afanye mateke 4 kila upande ameshika ukuta, kisha 4 bila kushika, kila kipindi. Kurusha 40 kwa siku kunachosha nyonga bila faida.

---

Bega_Chini

Nami niongeze mizunguko, maana hapo hofu ni kubwa. Piruweti ya sambamba (kuzunguka juu ya mguu mmoja, magoti na vidole vikitazama mbele) hugawanywa: robo, robo, robo, robo, kisha nusu mbili, kisha mzima. Kila robo aanze kutoka nafasi ya nne sambamba, apande juu ya vidole, mguu wa kazi uguse goti, ashuke akiwa amesimama imara. Akiyumba kwenye robo, tatizo ni kupanda, halihusiani na kuzunguka.

Sababu tatu za kuanguka: anajipinda kuchukua kasi kabla ya kuanza, bega la upande anakokwenda linatangulia na kushuka; anapanda akiwa tayari ameshaanza kuzunguka, kisigino kinasaga sakafu; au macho hayana mahali pa kukaa. Bandika kipande cha tepu ukutani usawa wa macho yake. Kichwa kiondoke mwisho, kifike kwanza.

Padebure ni hatua ndogo inayodharauliwa: nyuma, pembeni, mbele. Ya pili ikiwa pana mno, nyonga zinabaki nyuma na anachelewa hesabu inayofuata. Na bolichenji, hatua ya kubadilisha uzito haraka: sehemu ya mbele ya wayo inagusa nyuma kwenye "na", uzito unarudi mguu wa mbele kwenye hesabu. Uzito wote ukienda nyuma, kisigino kinashuka na mdundo unapotea. Piga makofi "na moja, na mbili" kabla hajasogeza mguu.

---

Kaka_Mateke

Mdundo usio wa nne unawapiga wengi pia. Ule wa tatu, na wa tano ngazi za juu.

---

Hesabu_Nane

Kweli. Wa tatu, tembea: mzito, mwepesi, mwepesi. Wa tano usiufundishe kama tano. Ugawe tatu na mbili, "moja mbili tatu, moja mbili". Makofi kwenye kila "moja", miguu itembee yote. Mtoto akiweza kuzungumza hesabu, kupiga makofi na kutembea kwa pamoja, hatapotea hata kama amesahau mkono mmoja.

---

MamaPacha_Leicester

Nywele na mavazi? Binti ana rasta ndefu.

---

Bega_Chini

Fuata orodha ya mavazi ya shule yenu kwa gredi hiyo. Kwa rasta ndefu, zifungwe kifundo cha chini kilicho bapa, maana kifundo cha utosini kinaumiza kwenye kazi ya sakafuni. Twende kilioni ndiyo rahisi kuliko zote. Shanga na vibanio vya chuma hapana. Hereni, bangili na rangi ya kucha pia hapana.

Na tafadhali, siku hiyo ASIPAKWE mafuta miguuni wala mikononi. Wengi hucheza pekupeku. Mafuta ya mgando kwenye vinaili ni hatari kwake na kwa atakayefuata. Apakwe usiku, aoge asubuhi. Pekupeku pia huchana ngozi chini ya vidole kwenye mizunguko, hivyo anza mazoezi ya pekupeku mapema ngozi izoee, na tepu ya michezo iwe kwenye begi.

---

Mzee_wa_Ratiba

Mimi nawaambia wanafunzi wacheze mtihani wote kila siku wiki mbili za mwisho. Kurudia ndiyo dawa.

---

Hesabu_Nane

Mkuu, hapo tunatofautiana. Kucheza wote kila siku kunakaza makosa yaliyopo, na siku ya tano mtoto anacheza kwa kuchoka. Mara mbili kwa wiki wacheze wote kwa mpangilio wa mtihani, na namba kifuani, bila kusimamishwa hata wakikosea. Siku nyingine chukua mazoezi matatu tu yaliyokuwa dhaifu, uyavunje hesabu nane nane. Siku mbili za mwisho ni kutembeza kichwani na kunyoosha. Hakuna jipya linaloingia ndani ya saa 48.

Kuchezesha bila kusimamisha kuna sababu nyingine: mtoto ajifunze kuingia tena. Akipotea, asitazame jirani na asisimame. Ashike pozi alilonalo, asikilize, aingie kwenye "moja" ya hesabu nane inayofuata. Hilo nalo linafanyiwa mazoezi: zima sauti katikati, hesabu nane moja ya kimya, washa tena.

---

Mzee_wa_Ratiba

Nimeelewa, hilo la kuzima sauti nitalitumia. Kwa wanaolenga chuo Uingereza, Gredi ya 6 ina pointi za UCAS (mfumo wa maombi ya vyuo vikuu vya huko) kweli?

---

Hesabu_Nane

Ndiyo, mitihani ya dansi ya Gredi ya 6 kutoka bodi zinazotambuliwa huingia kwenye hesabu za UCAS, na pointi hutegemea daraja. Kiasi kamili kiangalie kwenye kikokotoo chao cha mwaka husika, na kila chuo kina uamuzi wake kuzikubali au la.

---

Kaka_Mateke

La mwisho kwa wanaosimamia muziki siku hiyo, maana hawatajwi kamwe?

---

Bega_Chini

Nyimbo zipangwe kwa mpangilio wa mtihani, kila faili na namba mbele ya jina. Pale zoezi linapofanywa na kikundi kimoja baada ya kingine, faili irudiwe kwenye orodha badala ya kurudisha nyuma kwa mkono. Sauti ijaribiwe ukumbini asubuhi, na mtu asimame mwisho wa chumba kusikiliza kama hesabu nne za utangulizi zinasikika. Nakala ya pili iwe kwenye kifaa kingine. Na simu inayopiga muziki iwekwe hali ya ndege, na kucheza wimbo unaofuata wenyewe kuzimwe.